Wafungwa katika tumbo la Moya

Katika kipindi cha tisa cha msimu wa kwanza, wasafiri watatu wanamwendea rubani wao, wanamzidi nguvu na kumkata mkono. Si maharamia waliovamia chombo. Ni wenzake, hao hao anaowahudumia usiku na mchana. Mwanasayansi mmoja amewaahidi ramani za kuwarudisha makwao, na bei aliyotaja ni mkono mmoja wa rubani. Rubani anayo minne, na uliokatwa utaota tena. Hilo ndilo wanalojipozea nalo. Mmoja wa wakataji ni kuhani wa kike ambaye tangu mwanzo tumemwona akisali na kuuguza wenzake. Ramani zenyewe mwishowe haziwafai kitu, nao wanabaki ndani ya chombo kile kile, wakiendeshwa na rubani yule yule.

Sijui tamthilia nyingine ya anga ya miaka ile ambayo ingethubutu kuwashusha mashujaa wake kiasi hicho, kisha ikatutaka tuendelee kuwapenda. Farscape ilifanya hivyo, na ilifanya hivyo kabla hata ya kufika nusu ya msimu wake wa kwanza.

Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Marekani Machi 1999 kwenye Sci-Fi Channel. Mbunifu wake ni Rockne S. O'Bannon. Iliyoitengeneza ni kampuni ya Jim Henson, ile ya vikaragosi vya Muppets, na picha zilipigwa Sydney, Australia, kwa waigizaji ambao wengi wao ni wa huko huko. Ilikwenda misimu 4, vipindi 88. Kisa chake kwa ufupi: John Crichton, mwanasayansi na mwanaanga Mmarekani, yumo katika chombo chake kidogo cha majaribio karibu na Dunia pale upenyo unapofunguka angani na kummeza. Anatokea upande wa pili wa ulimwengu, katikati ya mapigano. Kabla hajajua yuko wapi anagongana na ndege ya kivita, rubani wake anakufa, na rubani huyo ni ndugu wa kapteni wa jeshi linalojiita Peacekeepers, yaani walinda amani. Amani yenyewe wanailinda kwa mizinga na vyumba vya mateso. Kapteni Crais anaapa kulipa kisasi. Crichton anavutwa ndani ya chombo kikubwa kiitwacho Moya, kilichotekwa na wafungwa wanaotoroka, na kuanzia hapo anasakwa pamoja nao.

Wafungwa hao si watu wa kuwatamani kwa jirani. D'Argo ni mpiganaji mwenye hasira za karibu, aliyefungwa kwa kusingiziwa kumuua mkewe. Zhaan, kuhani niliyemtaja, ana ngozi ya buluu na kwa asili yake ni mmea; naye ameua, na hakusingiziwa. Rygel ni mfalme aliyepinduliwa na binamu yake, kimo chake hakifiki kiunoni kwa mtu, na kazi zake kubwa ni kula, kuiba na kudai heshima. Baadaye anaongezeka Chiana, msichana mtukutu mwenye rangi ya majivu. Kisha yuko Aeryn Sun, askari wa Peacekeepers, ambaye jeshi lake limemhukumu kwa kosa la kukaa muda mrefu mno na kiumbe wa jamii nyingine. Kiumbe huyo ni Crichton. Hana kosa lingine.

Mwaka 1999, mtu aliyetaka safari za anga kwenye runinga alikuwa na Star Trek, na wakati huo mbili zilikuwa hewani. Moja ya hizo, Voyager, nayo ilihusu watu waliopotea mbali na nyumbani. Lakini watu wa Voyager walikuwa na sare, vyeo, kanuni na kapteni wa kufanya uamuzi, na chombo chao kikibomolewa wiki hii, wiki ijayo unakikuta kimenyooka. Ndani ya Moya hakuna kapteni. Kila jambo linaamuliwa kwa ugomvi. Chakula kinakwisha, na tamthilia inalichukulia jambo hilo kwa uzito sawa na vita.

Katika mkusanyiko huo, binadamu ndiye wa mwisho. Macho yake ni dhaifu kuliko ya Aeryn, nguvu zake ni chache kuliko za D'Argo, na milango yenyewe hajui kuifungua. Kiroboti kidogo kinamdunga vijidudu mguuni ili aelewe lugha za wenzake, na ujanja huo mdogo unamaliza swali ambalo tamthilia nyingi za anga hulipita kimyakimya. Ila vijidudu havitafsiri utani. Crichton anatoa mizaha ya filamu na katuni za kwao, na wote wanamkodolea macho. Hakuna anayecheka hata msimu wa nne. Ben Browder aliigiza nafasi hiyo kama mtu anayetania ili asilie, na kadiri misimu inavyokwenda, utani unabaki ule ule ila macho yanabadilika.

Halafu kuna vikaragosi. Rygel ni kikaragosi. Rubani, ambaye jina lake ni Pilot, ni kikaragosi kikubwa mno, kilichochezeshwa na watu kadhaa kwa pamoja na kupewa sauti na Lani Tupu, yule yule aliyeigiza kapteni Crais. Miezi miwili tu baada ya Farscape kuanza, majumba ya sinema yalipokea filamu mpya ya Star Wars ikiwa na Jar Jar Binks, mhusika aliyechorwa na kompyuta kuanzia masikio hadi nyayo. Teknolojia ilikuwa upande wa Jar Jar, na fedha pia. Lakini tazama vyote viwili leo. Jar Jar amezeeka vibaya, na Pilot bado anakufanya uhisi kwamba mtu yumo mle. Sababu haina uchawi wowote: Claudia Black, aliyeigiza Aeryn, alipoweka kiganja chake kwenye shavu la Pilot, shavu lilikuwepo. Mwigizaji aliangaliana na kitu chenye uzito, kinachopitiwa na mwanga ule ule unaompitia yeye. Mtu hawezi kuigiza huruma vizuri mbele ya ukuta uliopakwa rangi.

Gharama yake haikuwa ndogo. Virginia Hey, aliyeigiza Zhaan, alinyoa nywele na kupakwa buluu kila siku ya kazi, hadi akasema vipodozi vile vinamharibia afya. Zhaan alifariki mwanzoni mwa msimu wa tatu, na ndani ya kisa kifo chake kilipewa sababu zake, tena sababu nzito.

Moya ndiye ubunifu mkubwa kuliko wote. Ni chombo, na pia ni kiumbe hai, anayesikia maumivu na hofu, asiyeweza kusema ila kupitia Pilot. Wanaoishi tumboni mwake wamezoea kumfikiria kama gari, hadi anaposhika mimba. Mimba hiyo ni matokeo ya majaribio ya Peacekeepers waliotaka kumgeuza mnyama mpole wa angani kuwa mzazi wa silaha, na D'Argo ameichochea bila kujua, kwa kuvunja kitu asichokielewa. Mtoto anazaliwa karibu na mwisho wa msimu wa kwanza akiwa na mizinga ambayo mama yake hana. Aeryn anampa jina la Talyn, jina la baba yake mwenyewe. Ni mtoto mwenye nguvu kuliko mama, asiyejua kuzitumia, na asiyemsikiliza mtu isipokuwa Crais, askari aliyewahi kuwasaka wote. Kwa misimu miwili tunamtazama akiharibika, na mama yake hana mikono ya kumkumbatia. Nimeona tamthilia za familia, zenye sebule na mama mkwe, zisizofika hapo.

Tamthilia hii haisahau kitu. Mkono wa Pilot ulikuwa mwanzo tu. Katika msimu wa pili wasafiri wanapata rekodi ya zamani inayoonyesha kikosi cha askari kikimpiga risasi rubani wa kwanza wa Moya, kabla ya huyu, na miongoni mwa wapigaji yumo Aeryn. Pilot anamgeukia kwa chuki ya kutisha. Kisha tunajua lililo zito zaidi: Pilot mwenyewe alikubali kuwekwa mahali pa yule aliyeuawa, kwa sababu wazee wa kwao walimnyima nafasi ya kupata chombo, na yeye alizitamani mno nyota. Wawili wanaopendana kama ndugu wanagundua kwamba wameingia katika nyumba ile kupitia damu moja. Kipindi hicho kinaitwa "The Way We Weren't". Ukiwa na nafasi ya kimoja tu, kitazame hicho.

Msimu wa tatu unamgawa Crichton kuwa wawili. Tamthilia nyingine ingetuambia yupi halisi na yupi nakala. Hii inasema wote ni halisi, inawatenganisha katika vyombo viwili na kumwacha Aeryn na mmoja wao. Anampenda, na Crichton huyo anakufa mikononi mwake kwa mionzi. Anaporudi Moya anamkuta yule wa pili, mwenye uso ule ule, akimngoja kwa mapenzi yale yale, naye hawezi hata kumtazama. Ni mbinu ya hadithi za kisayansi iliyotumika kusema jambo la kweli kuhusu msiba.

Kuhusu Scorpius, adui mkubwa aliyemrithi Crais, sitasema mengi. Wayne Pygram alimwigiza kwa upole unaoudhi, akiwa amevaa suti nyeusi ya kupoza mwili wake usiovumilia joto. Anautaka ujuzi wa ule upenyo wa angani, ujuzi uliofichwa kichwani mwa Crichton, na anapandikiza humo mfano wake mwenyewe. Kwa hiyo shujaa anagombana na adui ndani ya ubongo wake, na adui huyo wa ndani wakati mwingine anatoa ushauri mzuri.

Crichton anafika nyumbani hatimaye, katika msimu wa nne. Anaikuta Dunia ya baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Watu wanawaogopa wageni aliokuja nao, na baba yake, mwanaanga aliyemfundisha kutazama mbali, sasa anafikiria kwanza usalama wa nchi yake. Crichton anaondoka tena. Kwa tamthilia iliyoonyeshwa Marekani mwaka 2003, huo ulikuwa ujasiri.

Ina dosari, na si ndogo. Vipindi vingi vya mwanzo vinatangatanga, kila wiki sayari mpya na zimwi lake. Kuna mzaha wa haja kubwa na ndogo kuliko inavyohitajika, na msimu wa nne kuna mahali hata mtazamaji makini anapotea. Kufuatilia kumbukumbu zote hizo ni kazi, na anayeingia katikati haelewi kitu. Septemba 2002 kituo kiliikata. Kipindi cha mwisho kilichokwisha kupigwa kilirushwa Machi 2003: Crichton na Aeryn wako ndani ya mtumbwi, wamekubaliana kuoana, mtoto yuko njiani, na chombo cha wageni kinapita na kuwageuza vipande vya fuwele. Mashabiki walipiga kelele kwa barua na kampeni hadi Oktoba 2004, Brian Henson alipoongoza The Peacekeeper Wars, sehemu mbili zilizofunga hesabu.

Mwaka 2014 filamu ya Guardians of the Galaxy ilisifiwa kwa upya wa kuwakusanya wafungwa wagomvi na Mmarekani mmoja mpenda mizaha ndani ya chombo kimoja. Katika filamu ya pili, ya 2017, Ben Browder ana nafasi ndogo, amepakwa rangi ya dhahabu. Waliomtambua walielewa salamu hiyo ilikuwa ya nani.

Anayetaka kuanza aanzie mwanzo kabisa, avumilie vipindi vya awali, na asiruke hata kimoja kuanzia msimu wa pili. Asidanganywe na vikaragosi: kuna mateso, kuna mahaba, kuna vifo visivyofutwa. Watoto wakalale kwanza.