Mabunge ya Majirani (3): Kazi ya Kila Siku ya Seneti, na Fungu la Mbinga

Katika sehemu mbili zilizopita tuliliangalia Bunge letu la Dodoma, kuanzia maswali ya saa tatu asubuhi hadi pale muswada unapopitiwa kifungu kwa kifungu. Leo tunavuka mpaka. Msomaji wa Maguu, Lituhi au Mbamba Bay husikia redioni kwamba Seneti ya Kenya imekataa jambo fulani au imemwondoa gavana fulani, akajiuliza: nchi yenye Bunge inataka Seneti ya nini tena?

Swali hilo ni la haki, maana sisi hatuna baraza la juu. Lakini tukumbuke kwamba kati ya nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni Tanzania na Uganda tu zenye Bunge la baraza moja. Kenya, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Somalia zote zina mabaraza mawili. Tutaichukua Kenya kuwa mfano, kwa kuwa Seneti yake inaonesha wazi kuliko nyingine kile ambacho baraza la juu hugombania kila siku: fungu la kila sehemu ya nchi katika fedha za taifa.

Tuanze na wanaokaa humo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliigawa nchi katika kaunti 47, na kila kaunti huchagua seneta mmoja. Wanaongezwa wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu wanaopatikana kupitia orodha za vyama, jumla maseneta 67, mbali na Spika. Bunge la Taifa, ambalo ndilo baraza la pili, lina wabunge 349. Katika sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4.3, na Lamu haikufika 150,000. Hata hivyo, linapopigiwa kura jambo la kaunti, Nairobi ina kura moja na Lamu ina kura moja. Maseneta wa kaunti, aliyechaguliwa pamoja na wa orodha za vyama wanaotoka humo, husemezana, kisha kiongozi wao akaitamka kura ya kaunti nzima. Hoja hupita ikiungwa mkono na kaunti zisizopungua 24.

Sasa tuingie ukumbini. Seneti huketi Jumanne, Jumatano na Alhamisi mchana, kwa kawaida kuanzia saa nane na nusu, na Jumatano huwa na kikao cha asubuhi pia. Siku zilizobaki ni za kamati na za kurudi kwa wananchi. Spika huingia akitanguliwa na siwa, dua husomwa, kisha huangaliwa kama akidi imetimia. Akidi ni maseneta 15. Wasipofika, kengele hulizwa, na wakikosekana bado kikao huahirishwa. Mzungumzaji anaruhusiwa kutumia Kiswahili, Kiingereza au Lugha ya Ishara ya Kenya, ila akianza kwa lugha moja hana ruhusa ya kurukia nyingine kabla hajamaliza.

Baada ya hapo hufuatwa orodha ya shughuli. Spika hutoa taarifa zake na kusoma ujumbe uliotoka Bunge la Taifa. Zinafuata ardhilhali, yaani maombi ya wananchi wenyewe, iwe ni wanakijiji wanaodai ardhi au wafanyakazi wa kaunti ambao hawajalipwa. Hati huwekwa mezani, na nyingi ni ripoti za ukaguzi wa hesabu. Kisha huja maombi ya taarifa, na hapa ndipo seneta wa pembezoni anapopata nafasi ya kusikika.

Tuseme Wilaya ya Nyasa ingekuwa kaunti yenye seneta. Angesimama kueleza kwamba kijiji fulani cha mwambao hakina gati, kwamba wavuvi wa dagaa wanapoteza mazao kwa kukosa mahali pa kukaushia, na kwamba anaitaka kamati husika ilete maelezo. Spika angeipa kamati muda wa kuleta majibu, na kamati ingewaita wahusika. Mawaziri wa Kenya si wabunge, hivyo hawakai humo kila siku kama wetu. Huitwa, wakaja, wakajibu, wakaondoka.

Miswada na hoja hushughulikiwa mwishoni, ingawa ndizo zinazotangazwa zaidi. Muswada unaogusa kaunti lazima upite mabaraza yote mawili. Yakishindwa kukubaliana, huundwa kamati ya usuluhishi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande. Je, nani anaamua kwamba muswada fulani unagusa kaunti? Hilo limezaa mivutano mingi. Tarehe 29 Oktoba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kuwa sheria 23 zilikuwa batili kwa sababu Bunge la Taifa lilizipitisha peke yake.

Hata hivyo, kazi kubwa ya Seneti haifanyiki ukumbini. Hufanyika katika vyumba vya kamati, hasa ile ya hesabu za kaunti. Gavana huketi mbele ya maseneta, ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikiwa mezani, akaulizwa kuhusu zahanati iliyolipiwa bila kujengwa. Gavana asiyeitika wito anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi 500,000 za Kenya. Kwetu kazi hiyo hufanywa na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na wakurugenzi wa halmashauri wanaijua vizuri.

Seneti pia hugeuka mahakama. Bunge la kaunti likimwondoa gavana kwa theluthi mbili, shauri hupelekwa Seneti, ambako husikilizwa na maseneta wote au na kamati ya watu 11. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa hivyo Januari 2020, na Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huohuo. Tarehe 17 Oktoba 2024 maseneta walimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, baada ya kumkuta na hatia katika mashtaka matano kati ya 11. Watu wengi waliijua Seneti kwa kesi hizo, lakini kesi huja na kupita, wakati suala la fedha hurudi kila mwaka.

Katiba ya Kenya inaagiza kwamba kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Kila mwaka muswada mmoja hugawa fedha kati ya Serikali Kuu na kaunti zote kwa pamoja, na wa pili hugawa zile za kaunti kwa kaunti moja moja. Kanuni ya mgawanyo yenyewe hupitishwa na Seneti kila baada ya miaka mitano.

Mwaka 2020 kanuni ya tatu iliisimamisha Seneti kwa wiki nyingi. Kaunti zenye watu wengi zilitaka fedha zifuate idadi ya watu. Kaunti kavu za kaskazini, na baadhi ya zile za Pwani, zilijibu kwamba barabara haipungui urefu kwa kuwa wanaoipita ni wachache. Mjadala uliahirishwa mara baada ya mara, na asubuhi ya Agosti 17 maseneta watatu walikamatwa na polisi. Tarehe 17 Septemba wakaafikiana: asilimia 20 igawanywe sawasawa kwa kila kaunti, 18 ifuate idadi ya watu, 17 afya, 14 umaskini, na zilizobaki zifuate kilimo, ukubwa wa ardhi, barabara na miji. Ili kaunti yoyote isipoteze, Rais aliahidi nyongeza ya shilingi bilioni 50 kuanzia mwaka uliofuata.

Tuipime Ruvuma kwa kanuni hiyo. Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa wetu watu zaidi ya milioni 1.8, na Dar es Salaam zaidi ya milioni 5.3. Lakini Ruvuma ina zaidi ya kilomita za mraba 60,000, na Dar es Salaam haifiki 2,000. Ukigawa kwa vichwa tu, tunapata theluthi ya fungu la Dar es Salaam. Ukiingiza ardhi, urefu wa barabara za milima ya Umatengo na vijiji vya mwambao vinavyotegemea mitumbwi, hesabu inabadilika. Kenya hesabu hiyo hufanywa hadharani na kupigiwa kura. Kwetu ukomo wa bajeti hutoka Hazina, na halmashauri hupanga ndani ya ukomo huo.

Tusidhani lakini kwamba Seneti ni dawa ya kila ugonjwa. Kenya iliwahi kuwa nayo tangu uhuru mwaka 1963, ikiwa na maseneta 41, na ilivunjwa mwishoni mwa 1966 kwa kuunganishwa na baraza la pili. Serikali ilitaka madaraka yakae mahali pamoja, na Seneti ile haikuwa na fedha za kuilinda.

Ng'ambo ya ziwa letu la Nyasa kuna funzo kubwa zaidi. Katiba ya Malawi iliyoanza miaka ya 1990 iliandika kuwa nchi itakuwa na Seneti ya watu 80: kila wilaya itoe seneta mmoja kupitia baraza lake na mmoja kutoka kwa machifu, kisha hao wachague wengine 32. Seneti hiyo haikuketi hata siku moja. Mwaka 2001 vifungu vyake vilifutwa. Kuandikwa katika katiba peke yake hakukuipa uhai.

Nasi tulilikaribia wazo hilo. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilipendekeza Bunge dogo la Muungano ambamo kila mkoa wa Tanzania Bara ungekuwa jimbo moja lenye wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Ruvuma ingekaa sawa na Dar es Salaam. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 liliachana na mpango huo, na hata Katiba Inayopendekezwa iliyotoka humo haijapigiwa kura ya maoni hadi leo.

Kwa hiyo chombo chetu cha karibu kabisa ni Baraza la Madiwani. Lilikufa mwaka 1972 kwa mpango wa madaraka mikoani, likarudishwa kwa sheria za 1982. Baraza la Mbinga, la Mbinga Mji na la Nyasa yote huketi kila robo mwaka. Madiwani huwasilisha taarifa za kata zao, kisha hupitia kazi za kamati: fedha, utawala na mipango; elimu, afya na maji; uchumi, ujenzi na mazingira. Mbunge wa jimbo ni mjumbe humo. Hilo ni jambo jema, maana mtu yuleyule anayesikia habari ya kivuko cha kijiji fulani ndiye anayekaa Dodoma.

Upungufu wetu uko kwenye fedha. Barabara za wilaya zilihamia kwa wakala wa barabara, TARURA, mwaka 2017 na maji vijijini yakahamia kwa wakala wa maji, RUWASA, mwaka 2019. Mwaka 2017 pia Bunge lilishusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3. Mkulima wa kahawa alipata nafuu, na aliistahili. Lakini halmashauri inayoishi kwa kahawa ilipunguziwa pato, na hapakuwa na baraza lenye nguvu ya kikatiba la kuuliza pengo hilo litazibwa na nani. Ibara za 145 na 146 za Katiba yetu zinazitambua serikali za mitaa na kueleza kazi zake, bila kutaja asilimia hata moja ya mapato ya taifa.

Maoni yangu ni haya. Tanzania inaweza kuendelea vizuri bila Seneti, na gharama ya mishahara ya baraza jipya ikaepukwa. Tusichoweza kukosa ni kile kinachoipa Seneti ya Kenya uzito: kiwango cha chini cha fedha za mitaa kilichoandikwa katika Katiba, na kanuni ya mgawanyo inayojadiliwa mbele ya wananchi. Mjadala wa katiba mpya utakaporudi, watu wa Ruvuma waliombe hilo kabla ya kuomba viti.

Wakati tukisubiri, mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa mwananchi yeyote. Muulize diwani wako tarehe ya kikao kijacho, nenda ukasikilize, na uangalie kama taarifa ya kata yako imesomwa. Wiki ijayo tutaeleza jinsi halmashauri inavyoandaa bajeti yake, kuanzia mkutano wa kijiji hadi Hazina.