Kufufua Boti Kuukuu: Mahali Maji na Hewa Vinapokutana

Mwembesongo ni mojawapo ya kata za mji wa Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa 190 hivi kwa barabara. Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa mahali palipo mbali na bahari namna hiyo ana haja gani ya kujifunza habari za boti? Majibu ni mawili. Kwanza, Mkoa wa Morogoro una mito mikubwa, na katika bonde la Mto Kilombero mitumbwi na boti ni vyombo vya kazi na vya safari. Pili, boti kuukuu ya injini iliyotelekezwa uani ni maabara kamili. Kutu, kuoza, kuelea na mwako, ambavyo shuleni hufundishwa katika mada mbalimbali, vyote hukutana katika chombo kimoja.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mtu mwenye zana za kawaida anavyoweza kuikagua boti ya namna hiyo, kuitengeneza, na kuamua kama inafaa kurudi majini. Uamuzi huo ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa boti mbovu iliyopakwa rangi mpya haitofautiki kwa macho na boti nzima, ilhali wanaoipanda huiamini kwa uhai wao.

Funzo la meli Liemba

Tuanze na mfano mashuhuri. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer Werft, katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani, kiliunda meli iliyoitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Masanduku hayo yalipelekwa bara kwa Reli ya Kati, ambayo ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907 na kufika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo meli hiyo, yenye urefu wa meta 71 hivi, iliwahi kupita Morogoro ikiwa ndani ya mabehewa. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa katika Ziwa Tanganyika tarehe 5 Februari 1915.

Mwezi Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi ili isitekwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Meli ilikaa chini ya maji kwa miaka kadhaa, hata Waingereza walipoiibua mwaka 1924. Injini zake zilionekana kuwa bado zinafaa. Ilitengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hilo. Iliendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.

Je, yawezekanaje injini ikae ziwani miaka kadhaa isiharibike, na hali injini ya boti iliyoachwa chini ya mwembe huganda kwa kutu katika misimu miwili tu ya mvua? Swali hili ndilo ufunguo wa kazi yote.

Adui ni oksijeni yenye unyevu

Kila mwanafunzi wa kemia amewahi kuona jaribio la misumari mitatu. Msumari wa kwanza hutiwa katika neli yenye hewa kavu, hauoti kutu. Wa pili hutiwa katika maji yaliyochemshwa ili kuondoa hewa, kisha juu ya maji hayo humiminwa mafuta; nao hauoti kutu. Wa tatu huwekwa mahali penye maji na hewa pamoja, na baada ya siku chache huwa mwekundu. Chuma hupata kutu pale tu maji na oksijeni vinapokifikia kwa pamoja.

Tazama sasa kiasi chenyewe. Katika joto la nyuzi 27 za Selsiasi, lita moja ya hewa ina miligramu 270 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyokaa wazi kwa hewa hiyo hiyo, ina miligramu 8 tu zilizoyeyuka. Hewa, basi, ina oksijeni zaidi ya mara 30. Chuma kilichozama chote hupata oksijeni kidogo. Chuma kilicholowa juu ya nchi kavu hupata tele. Na kile kilichozama kikiwa kimepakwa grisi, kama injini za Liemba, hakifikiwi na maji wala hewa. Ni msumari wa pili wa jaribio letu, uliofanywa kwa kipimo kikubwa.

Kwa hiyo anayekagua boti ya chuma asianzie kwenye ubavu uliokuwa ukizama. Aanzie pale maji na hewa vinapopokezana: mstari wa maji, chini ya viti, kwenye pembe ambamo maji ya mvua hutuama, na ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ambamo maji ya kuvuja hukusanyika. Agonge kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti butu. Asidanganywe na unene, kwa maana kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Bati linaloonekana nene huenda limebakiwa na chuma chembamba kama karatasi.

Mbao: kuoza na kusinyaa

Kanuni ile ile huongoza mbao, ingawa anayekula ni mwingine. Kuoza kwa mti ni kazi ya kuvu, nayo ni viumbe vinavyohitaji unyevu na hewa. Mbao iliyokauka hadi unyevu ukawa chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Mbao iliyozama kabisa nayo huoza polepole mno kwa kukosa hewa. Iliyo hatarini ni ile inayolowa na kukauka nusu nusu. Ndiyo sababu boti za mbao huoza kutoka juu, kwa maji ya mvua, kuliko kutoka chini kwa maji ya ziwa. Chukua kisu chembamba uchome mbao karibu na misumari, kwenye maungio ya mataruma, na mahali mkuku unapokutana na omo. Kisu kikizama bila kushindana na mti, ubao huo hauna budi kutolewa wote hadi kufikia sehemu nzima. Kuujaza udongo wa kuzibia na kuupaka rangi ni kuificha kuvu ndani pamoja na chakula chake.

Kusinyaa ni jambo jingine. Tuseme ubao una upana wa milimita 200, na katika kiangazi cha Morogoro umesinyaa kwa asilimia 2. Umepungua milimita 4. Boti yenye mbao kumi kila upande itakuwa na nyufa ambazo mtu anapenyeza sarafu. Mafundi wa pwani huziba nyufa hizo kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta ambayo hupigwa ndani kwa nyundo na patasi. Lakini fundi mwenye uzoefu hajazi sana ubao mkavu. Anajua kwamba ukirudi majini utavimba, na kama hakuna nafasi ya kuvimbia, utasukuma jirani yake na kung'oa misumari. Njia iliyo salama ni kuilowesha boti kwanza kwa siku kadhaa kwa magunia yaliyolowa, kisha kukalafati.

Mbao za kubadilishia zichaguliwe kwa sifa zake. Mninga hupendwa kwa kuwa husinyaa kidogo sana. Mvule na mtiki hustahimili kuoza. Mitiki hupandwa katika mashamba ya misitu ya Mtibwa na bonde la Kilombero, mkoani humu humu.

Kabla ya kukwangua rangi ya zamani, tahadhari moja ni ya lazima. Rangi nyingi za vyombo vya zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, mfanyakazi akiwa amefunika pua na mdomo, na takataka zake zikusanywe zote. Isichomwe moto.

Injini

Injini iliyokaa muda mrefu isivutwe kamba ya kuwashia kwa pupa. Ndani ya silinda huenda kuna kutu kidogo iliyoishika pistoni, na kuilazimisha ni kuikwaruza. Fungua plagi, mimina mafuta mepesi ya injini katika tundu lake, uache kwa siku mbili au tatu, kisha zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Ikizunguka bila kukwama, endelea.

Petroli ya zamani imwagwe katika chombo cha taka, kwani nayo imeliwa na oksijeni. Petroli iliyokaa na hewa kwa miezi mingi hugeuka sehemu yake kuwa gundi inayoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Kabureta ifunguliwe na kusafishwa. Kipepeo cha mpira kilichomo katika pampu ya maji kibadilishwe hata kama kinaonekana kizima, kwa sababu mpira hukakamaa kwa umri, na injini ya boti isiyopata maji ya kuipoza huungua kwa dakika chache. Injini nyingi za mipigo miwili hutumia sehemu 1 ya mafuta ya kulainisha kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 200 kwa lita 10. Hata hivyo, kitabu cha mtengenezaji ndicho kifuatwe.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi. Ukivuja haupandi juu ukapotea. Hushuka na kutulia katika ngama, na cheche moja ya betri huweza kuulipua. Katika boti yenye injini ya ndani, fungua vifuniko vyote na uache hewa ipite kabla ya kuwasha.

Hesabu ya kuelea

Archimedes alifundisha kwamba kitu kinachoelea husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha. Chukua boti yenye urefu wa meta 5 na upana wa meta 1.5. Kwa kuwa omo ni nyembamba, eneo lake kwenye uso wa maji ni theluthi mbili hivi za mstatili, yaani meta za mraba 5. Kila sentimeta inayozidi kuzama huhamisha lita 50 za maji, ambazo uzito wake ni kilo 50.

Sasa pakia watu 6 wa kilo 70 kila mmoja, pamoja na injini na mafuta yenye kilo 80. Jumla ni kilo 500. Boti itashuka sentimeta 10. Ikivuja ndoo 10 za lita 20, itashuka sentimeta 4 zaidi. Mtu aweza kudhani hilo ni jambo dogo. Lakini maji yaliyomo ndani hayatulii: boti ikiinama, yote hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito. Vivyo hivyo abiria wakihamia upande mmoja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichokuwa kimejaza watu kupita uwezo wake, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara katika Ziwa Viktoria, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha.

Kwa sababu hiyo mfufuaji afunge chini ya viti madumu matupu yaliyozibwa barabara. Dumu la lita 20 likizama lote husukuma juu kwa kadiri ya kilo 20, kwa hiyo madumu 10 huweza kubeba injini nzito na kuizuia boti iliyojaa maji isiende chini.

Jaribio na uamuzi

Boti ijaribiwe kwanza bila injini, katika maji yasiyozidi kina cha kiuno, ikiwa imefungwa kamba. Baada ya saa 24 pima maji yaliyoingia. Yaondoe, upime tena siku ya pili na ya tatu. Katika boti ya mbao yanapaswa kupungua kila siku kadiri mbao zinavyovimba. Yasipopungua, kuna ubovu ambao haujaonekana. Kisha pakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria kabla ya kupakia abiria wenyewe. Wakazi wa Morogoro wakumbuke kwamba Bwawa la Mindu ni chanzo cha maji ya mji. Si mahali pa kujaribia injini inayodondosha mafuta.

Chombo kitakachobeba watu lazima kikaguliwe na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), nacho kiwe na majaketi ya kujiokolea kwa kila aliyemo. Ikiwa mkuku umeoza, au bati la chini linatoboka kwa nyundo ndogo, ni vema kuitoa injini kwa matumizi mengine na kuuacha mwili wa boti nchi kavu. Huo nao ni uamuzi wa kisayansi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya msiba.

Zoezi

1. Fanya jaribio la misumari mitatu, na msumari wa nne upake grisi kabla ya kuutia katika maji yaliyo wazi kwa hewa. Andika uonayo kwa siku 14.
2. Boti ina eneo la meta za mraba 8 kwenye uso wa maji. Ikiwa tupu, ukingo wake uko sentimeta 40 juu ya maji. Ni kilo ngapi zitakazoufanya ukingo ubaki sentimeta 25? Je, uzito huo ungekuwa salama kama nusu yake ni maji yaliyovuja? Toa sababu.