Macho ya Rubani Peke Yake Hayatoshi

Msikilizaji mmoja wa mtaa wa Lang'ata ameniandikia kuniuliza swali ambalo nadhani wakazi wengi wa Nairobi wamewahi kujiuliza: anga yote hii, pana namna hii, ndege mbili zinawezaje kugongana?

Anga ni pana, ndugu msomaji, lakini ndege hazisambai humo kama ndege wa porini. Zinatafuta viwanja vile vile, na kadiri zinavyokaribia uwanja ndivyo zinavyoshuka na kubanana. Shamba la kijiji ni kubwa, lango la soko ni moja. Chukua uwanja wetu wa Wilson. Hapo huruka wanafunzi wa urubani, madaktari warukao, ndege za watalii waendao Maasai Mara na ndege za abiria waendao pwani, na jirani yake pana uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta na kambi ya wanahewa ya Eastleigh.

Jumanne tarehe 5 Machi 2024, asubuhi, ndege aina ya Dash 8 iliyokuwa na watu 44 iliondoka Wilson kuelekea Diani. Punde baada ya kupaa iligongana na Cessna 172 iliyokuwa katika mafunzo. Dash 8 ilirudi na kutua salama. Cessna ilianguka ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, na wawili waliokuwamo wakafa. Sitamtwika mtu lawama hapa. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Ninalotaka kueleza ni kwa nini jambo hili huwa gumu kulizuia kuliko tunavyodhani.

Tangu zamani kanuni ya kwanza ya urubani ni kutazama na kukwepa. Yaonekana rahisi. Hebu tupige hesabu. Chini ya futi 10,000, ndege kubwa kwa kawaida hairuhusiwi kupita mwendo wa noti 250, yaani kama kilomita 460 kwa saa. Cessna nayo huenda kama kilomita 200. Zikielekeana ana kwa ana, pengo baina yao hupungua kwa mita 185 hivi kila sekunde. Wataalamu wa anga wa Marekani hukadiria kwamba tangu jicho lione, akili itambue, mkono uamue na ndege yenyewe iitikie, hupita sekunde 12 na nusu. Kwa hiyo rubani hana budi kuiona Cessna ikiwa bado umbali wa zaidi ya kilomita mbili. Mabawa yake, ncha kwa ncha, ni mita 11. Nyoosha mkono wako mbele, ushike nusu ya punje ya mchele: ndicho anachotakiwa kukiona, huku akisoma vipimo na kusikiliza redio.

Tena kuna hila nyingine mbaya zaidi. Jicho la binadamu hunaswa na kitu kinachosogea. Lakini ndege mbili zinazokwenda kukutana mahali pamoja, kila moja ikishika njia na mwendo wake, hazisogei machoni mwa marubani. Kila moja hubaki pale pale kwenye kioo cha mwenzake kama doa la uchafu. Mabaharia wetu wa pwani wanalijua hili: chombo kinachobadili upande kitakupita, kile kinachokaa upande ule ule huku kikikua ndicho kitakachokugonga. Ila nahodha wa jahazi ana dakika kadhaa za kufikiri. Mbele ya rubani lile doa hukaa dogo muda mrefu, kisha kwa ghafla hujaza kioo kizima.

Hata kuonywa si dawa kamili. Tarehe 25 Septemba 1978, mjini San Diego, Marekani, marubani wa Boeing 727 ya shirika la PSA waliambiwa na waongoza ndege kwamba kuna Cessna mbele yao. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Wakajibu wameiona. Baadaye ikawapotea, wakadhani wameshaipita, kumbe ilikuwa mbele na chini yao. Katika chumba cha rada king'ora cha hatari kililia sekunde 19 kabla ya mgongano, lakini waliokuwamo walikuwa wamezoea king'ora hicho kulia bure. Walikufa watu 144, saba kati yao wakiwa chini, majumbani na mitaani.

Miaka minane baadaye, tarehe 31 Agosti 1986, ikawa zamu ya Cerritos, karibu na Los Angeles. Ndege ndogo aina ya Piper iliingia bila ruhusa katika anga inayolindwa, ikagonga mkia wa DC-9 ya Aeroméxico. Walikufa watu 82, wakiwamo 15 waliokuwa ardhini. Hapo ndipo Marekani ilipochoka kuyategemea macho. Sheria ya mwaka 1987 ilizilazimisha ndege kubwa za abiria kufungwa chombo kiitwacho TCAS, na kufikia mwisho wa mwaka 1993 zilitakiwa ziwe nacho.

TCAS hufanya kazi kama mtu apitaye gizani akibisha hodi. Hutuma swali kwa redio kila mara, na ndege zilizo karibu hujibu kwa chombo chao kiitwacho transponda. Kutokana na muda jibu linaochukua kurudi, TCAS hujua umbali. Ndani ya jibu husoma kimo. Ikiona hatari humwonya rubani, na hatari ikizidi humwamuru apande au ashuke.

Lakini asiyejibu hodi, TCAS haimjui. Ndege ndogo isiyo na transponda, au iliyoizima, haipo kabisa katika hesabu zake. Iliyo na transponda isiyotaja kimo itaonyeshwa, ila TCAS haiwezi kutoa amri, kwani haijui kama mwenzake yuko juu au chini. Piper ya Cerritos ilikuwa na transponda ya namna hiyo. Ndiyo maana baada ya ajali ile Marekani ilitaka kila ndege inayoruka ndani ya maili 30 za viwanja vikubwa, isipokuwa chache za kale zisizo na umeme, itaje kimo chake.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha mambo. Chombo cha bei ghali kilichomo katika ndege ya abiria kinategemea chombo cha bei nafuu kilichomo katika ndege ya mtu binafsi. Wenye ndege ndogo hulalamika gharama, na si wote ni matajiri. Siku hizi vipo vifaa vidogo vya betri vinavyotangaza mahali ndege ilipo, navyo husaidia ndege ndogo kuonana. Lakini TCAS haitoi amri kwa tangazo la kifaa hicho peke yake. Bado inataka jibu la transponda.