Lenga Riyali Unazoweka, Sio Tarehe ya Nyumba

Wengi huondoka nyumbani na hesabu kichwani: miaka miwili Saudia, ploti, nyumba ya vyumba vitatu, narudi. Sio mpango mbaya. Shida ni pale mtu anapoifunga roho yake kwenye ile tarehe, halafu mambo yasiyo mikononi mwake yanabadilika.

Chukua dada wa kazi za ndani anayeweka riyali 300 kila mwezi. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo hizo 300 ni dola 80, mwezi huu na mwezi ujao. Shilingi ya Kenya haijafungwa. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, dola 80 zikawa 12,800. Kufikia Agosti mwaka huohuo dola ilikuwa karibu 130, na dola 80 zilezile zikawa 10,400. Hapo sijatoa ada ya kutuma. Kwa mwaka mzima pengo kama hilo ni shilingi 28,800, na dada hakuzembea hata mwezi mmoja. (Waliobaki nyumbani walifurahia shilingi kupata nguvu, na walikuwa na haki.)

Kama lengo lake lilikuwa "shilingi 150,000 kufikia Desemba", atajiona ameshindwa. Na anayejiona ameshindwa ndiye anayekopa kwa wenzake, au anaingia kwenye zile biashara za simu za kuzidisha pesa mara mbili, au anasaini mkataba mwingine kwa mwajiri aliyeapa hatarudi kwake. Hayo yananitisha kuliko bei ya dola.

Kwa hiyo andika lengo kwa kile unachokitawala: "Riyali 300 siku ya mshahara, kabla ya kumtumia mtu yeyote." Ukiziweka, mwezi huo umemaliza kazi yako, shilingi ifanye inavyotaka. Mshahara ukicheleweshwa, usijilundikie deni la mwezi uliopita, endelea na huu.

Nyumba ibaki kuwa mwelekeo. Pengine mwaka huu itatosha msingi tu, uishie hapo. Pengine karo ya mtoto itaingia kwanza na ploti isubiri, na hilo nalo ni matunda ya riyali zilezile.

Mama akiuliza nyumba itaisha lini, usimpe mwezi. Mwambie umeweka miezi mingapi mfululizo.