Mmea wa mungu wa radi

Katika milima ya kusini mwa China kuna mmea utambaao unaoitwa lei gong teng, mtambazi wa mungu wa radi. Maua yake ni meupe na madogo, na majani yake hayana cha kumshtua mpita njia. Wakulima wa huko walisaga mizizi yake kuwa sumu ya wadudu wa mashambani. Watu wameshakufa kwa kula machipukizi yake, na hata asali ya nyuki waliotua kwenye maua yake imewahi kuleta maafa. Huo ndio mmea ambao kwa zaidi ya miaka 40 madaktari wa China wamekuwa wakiwaandikia wagonjwa wa lupus.

Nimeanza na sumu kwa makusudi. Kwenye mabango ya wauza dawa za Kichina huku kwetu, sifa inayotangulia zote ni kwamba dawa ni ya asili na haina madhara. Mchina aliyesomea kazi hiyo hawezi kukwambia hivyo. Vitabu vyake vinapanga mimea kwa ukali wake na kufundisha namna ya kuutuliza: huu uchemshwe muda mrefu, ule uchubuliwe gamba, mwingine ukaangwe kwa siki. Anajua anashika nini mkononi. Asiyejua mara nyingi ni mnunuzi.

Lupus ni ugonjwa ambao mfumo wa kinga, badala ya kupambana na vijidudu, unaushambulia mwili wenyewe. Leo unauma viungo, kesho unanyofoa nywele, keshokutwa maji yanajaa kwenye pafu au moyo. Wekundu wa mashavuni wenye umbo la kipepeo, unaosifika vitabuni, kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama weusi au zambarau, na ni rahisi kupita bila kutambuliwa. Homa inayokuja na kuondoka hupewa dawa za malaria, kisha za taifodi, kisha tena za malaria. Wakati huo figo zinaweza kuwa zinaharibika kimyakimya, maana figo hazina desturi ya kuuma.

Hospitalini dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ileile iliyotuwasha utotoni. Marekani iliiruhusu mwaka 1955 na hadi leo karibu kila mgonjwa wa lupus anashauriwa kuinywa kila siku, mradi macho yake yapimwe kila baada ya muda. Ugonjwa ukiwaka huongezwa predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, na figo zikiguswa huongezwa dawa kali zaidi za kutuliza kinga. Predinisoloni huokoa maisha, halafu inadai malipo: uso unajaa, presha na sukari vinapanda, mifupa inalegea, usingizi unatoroka. Binti wa miaka 22 anayejitazama kwenye kioo na asijitambue, akisikia kuna mizizi ya kumpunguzia vidonge hivyo, atatega sikio. Sioni haki ya kumcheka.

Kwa daktari wa Kichina wa jadi, lupus si ugonjwa mmoja. Anashika mapigo ya mikono yote miwili, vidole vitatu kila upande, anatazama ulimi, anauliza juu ya usingizi, jasho na haja. Mgonjwa mwenye homa kali na vipele vyekundu atasemwa ana sumu ya joto kwenye damu. Mwenye homa ndogo ya usiku, midomo mikavu na viganja vinavyochoma, ataambiwa unyevu wa mwili umepungua na moto umebaki peke yake. Kila mmoja hupewa mchanganyiko wake, na mchanganyiko hubadilishwa kadiri hali inavyobadilika. Kwa hiyo chupa moja iliyoandikwa "ya lupus", inayouzwa sawa kwa kila mtu, inakwenda kinyume hata na mafundisho ya Wachina wenyewe.

Mchanganyiko mmoja wa kale wa kupoza damu ulitumia pembe ya kifaru, na bei yake wameilipa vifaru wa Afrika. China ilipiga marufuku biashara ya pembe hiyo mwaka 1993. Siku hizi mahali pake huwekwa pembe ya nyati wa majini, na hospitali za huko zinaendelea na kazi.

Nasema hospitali, kwa sababu hilo ndilo linalopotea safarini. Mgonjwa wa lupus wa Beijing au Shanghai anayetumia mitishamba, mara nyingi anaipata kwenye jengo lilelile anamotolewa damu na kupimwa mkojo. Tangu miaka ya 1950 serikali ya China imeziweka tiba hizo mbili zifanye kazi pamoja. Anakunywa haidroksiklorokwini yake, anakunywa na supu yake chungu ya mizizi, na vipimo vikionyesha ini limekasirika, daktari anaona na anaondoa kitu. Kinachofika kwetu ni ile supu, imekaushwa na kutiwa kwenye vidonge, bila maabara na bila daktari wa kuondoa.

Turudi kwenye mtambazi wa radi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa mkoa wa Fujian walianza kuutumia kwa baridi yabisi, na miaka ya 1970 watafiti wakatoa kwenye mizizi iliyochubuliwa gamba vidonge vyenye kipimo maalumu. Vidonge hivyo hupunguza kasi ya chembe za kinga kuzaliana. Wamarekani waliulinganisha mmea huu na salfasalazini, dawa ya hospitali, kwa wagonjwa wa baridi yabisi, na majibu ya mwaka 2009 yalikuwa mazuri kwa upande wa mmea. Kwa lupus yenyewe ushahidi ni mwembamba zaidi. Majaribio mengi ni madogo, ya muda mfupi, na mara nyingi mgonjwa na daktari wote wanajua nani kapewa nini. Hata hivyo mengi yanaelekea upande mmoja: protini kwenye mkojo inapungua, na dozi ya steroidi inaweza kushushwa.

Lakini miaka ya 1980 Wachina waligundua jambo jingine. Wanaume waliokunywa dawa hiyo mbegu zao zilipungua sana, hata wakawapo watafiti waliofikiria kuigeuza dawa ya uzazi wa mpango ya wanaume. Kwa wanawake hedhi ilivurugika au ikakoma, na kadiri mwanamke alivyokuwa na umri mkubwa zaidi ndivyo uwezekano wa kurudi ulivyopungua. Pamoja na hayo kuna madhara kwenye ini, figo na uboho wa mifupa. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya China ikatoa onyo: wasipewe watoto, wala wanawake na wanaume ambao bado wanataka kuzaa.

Sasa tazama lupus inampata nani. Kati ya wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 44. Nchini Marekani na Uingereza wanawake weusi wanaupata zaidi ya wazungu, na figo zao huguswa zaidi. Yaani dawa ya Kichina yenye nguvu kuliko nyingine nyingi kwa ugonjwa huu ndiyo isiyomfaa mgonjwa wake wa kawaida. Hospitali nayo haina mikono misafi, maana saiklofosfamidi, inayotumika figo zikizidiwa, pia huweza kuharibu mayai ya uzazi. Ila kwenye sindano ya saiklofosfamidi kuna mtu anayepaswa kumwambia binti kabla. Kwenye pakiti yenye maandishi ya Kichina tupu hakuna.

Kuna hadithi nyingine ya China inayotugusa zaidi, nayo ni ya malaria. Mwaka 1971 timu ya Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, ilipata dawa kutoka mmea wa qinghao, wa jamii ya pakanga (artemisia), baada ya yeye kusoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4. Kitabu kilisema mmea uloweshwe kwenye maji na kukamuliwa. Hakikutaja kuuchemsha, na Tu akahisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Dawa hiyo, artemisinini, ikazaa dawa mseto ambayo Tanzania imeitegemea tangu 2006, na mwaka 2015 Tu akapata Tuzo ya Nobel. Mwaka 2019 shirika la habari la Xinhua lilitangaza kwamba timu yake ilikuwa ikijaribu dihidroartemisinini, mtoto wa dawa ileile, kwa wagonjwa wa lupus.

Waganga wa China walishautumia qinghao kwa homa ndogo za usiku karne nyingi kabla, pamoja na gamba la kasa, wakiuchemsha. Sufuria hiyo na kidonge cha Tu ni dawa mbili tofauti zilizotoka kwenye jani moja. Anayekunywa chai ya artemisia ya uani kwake kwa sababu amesikia habari za Nobel anakunywa kitu ambacho Tu hakukipima.

Mkasa wa Brussels nao ungefaa kubandikwa ukutani kwa kila anayeuza mitishamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene huko Ubelgiji iliwapa wanawake vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmoja wa mimea hiyo ulipaswa kuwa fangji, unaotumika tangu kale kwa viungo vinavyouma na miguu iliyovimba. Uliowekwa ulikuwa mwingine wenye jina linalokaribiana, wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo. Mwaka 2000 madaktari walieleza kwamba kati ya 39 walioondolewa figo zilizokufa, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. Hao walikuwa watu wazima waliotaka kupungua tu. Mgonjwa wa lupus mwenye viungo vinavyouma na miguu iliyovimba ndiye hasa anayeandikiwa fangji, na figo zake tayari ziko vitani.

Neno linalonitisha kuliko yote, hata hivyo, ni "inaongeza kinga". Wauzaji wanalipenda. Kwa lupus kinga haijapungua, imezidi na imepotea njia. Huang qi, mzizi unaouzwa sana kwa kuchangamsha kinga, huweza kuwa na nafasi yake mikononi mwa daktari wa Kichina anayefuatilia vipimo. Ukinunuliwa kiholela unaweza kuchochea moto. Lusini, majani tunayolisha ng'ombe na ambayo sasa yanauzwa kama lishe kwa jina la alfalfa, yana kemikali iliyowahi kuwapa tumbili ugonjwa unaofanana na lupus kwenye maabara, katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1982.

Na ikitokea dawa "ya asili" ikaondoa maumivu yote kwa siku mbili tatu, hiyo si sababu ya kushangilia. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekamata mara nyingi dawa za viungo zilizotiwa deksamethasoni au predinisoloni kwa siri. Mgonjwa anadhani amezikimbia steroidi kumbe anameza dozi asiyoijua, na siku anayoacha ghafla mwili unaanguka.

Mwenye lupus anayetaka kujaribu sindano za Kichina zisizo na dawa (akyupancha) kwa ajili ya maumivu ana njia yenye hatari ndogo zaidi, ilimradi sindano ziwe mpya na chembe sahani zake za damu zisiwe zimeshuka. Anayetaka mitishamba asiache haidroksiklorokwini wala predinisoloni kwa uamuzi wake. Apime mkojo, kreatinini, ini na picha kamili ya damu kabla ya kuanza, kisha arudie baada ya wiki chache. Mimea yote iliyomo iandikwe kwa herufi anazoweza kusoma daktari wake. Mkojo ukitoa povu, miguu ikivimba, macho yakigeuka manjano au hedhi ikikatika, aende hospitali siku hiyohiyo, na ile chupa aibebe.