Kabla ya kumkabidhi mthibitishaji sarafu, tujiulize mali ni ya nani

Mwezi uliopita, baada ya Swala ya Isha, kijana mmoja wa msikitini kwetu hapa Ngara alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alinitolea salamu, akafungua simu yake, akasema: "Ustadh, nimemwomba msaidizi wa akili mnemba anichagulie mthibitishaji wa kumkabidhi sarafu. Amenipa majina matatu. Nisaidie kuchagua moja kabla sijalala."

Nilimuuliza fedha hizo zimetoka wapi. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kuwa zimetokana na ng'ombe wa marehemu baba yake waliouzwa Biharamulo. Ndani yake mna fungu lake, fungu la mama yake, na mafungu ya wadogo zake wawili walio bado shule ya msingi. Mama ndiye aliyemkabidhi zote, akamwambia asiziache zikalala bure.

Kwa hakika, swali lake lilikuwa dogo kuliko jambo lenyewe. Nimeona vyema niwaandikie wazazi wenzangu, kwa kuwa jambo hili sasa limo katika simu za watoto wetu.

Mitandao ya sarafu za kidijitali kama Ethereum, Solana na Cardano haina benki moja inayotunza hesabu. Malipo huandikwa katika daftari la pamoja lililosambazwa kwenye kompyuta nyingi. Wenye kompyuta hizo ndio wathibitishaji: huhakiki malipo na kuyaingiza daftarini. Sarafu huwekwa dhamana ili wasidanganye, nao wakifanya kazi sawasawa hulipwa sarafu nyingine. Ethereum ilihamia katika utaratibu huo tarehe 15 Septemba 2022, na anayetaka kuendesha kazi hiyo mwenyewe huanza na dhamana ya sarafu 32. Asiyeweza gharama hizo, katika mitandao mingi huruhusiwa kumkabidhi mthibitishaji haki ya kutumia sarafu zake kama dhamana, naye mthibitishaji hukata kamisheni katika malipo yanayopatikana. Hilo ndilo vijana wanaloliita kusteki.

Msaidizi wa akili mnemba aliyetumiwa na kijana wetu ameunganishwa na zana inayosoma takwimu za mtandao na kupanga majina kwa ubora. Siidharau zana hiyo. Inasoma kwa dakika moja yale ambayo mtu angeyasoma kwa wiki. Lakini hujibu alichoulizwa, na kijana alikuwa ameuliza jambo moja tu: nani atanipa zaidi? Basi tuliketi kwenye baraza ya msikiti tukaiuliza upya.

Kwanza, kamisheni. Jina la juu kabisa lilikuwa la mthibitishaji anayetoza asilimia sifuri. Tuliuliza: je, anaweza kuibadili baadaye? Jibu likawa ndiyo. Wapo wanaovuta watu kwa sifuri, kisha wakapandisha kamisheni watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo tazama historia ya kamisheni, usitazame ya leo pekee.

Pili, utendaji. Kompyuta yake imezimika mara ngapi katika miezi iliyopita? Inapozimika, malipo hupungua.

Tatu, adhabu. Katika mtandao wa Cosmos Hub, mthibitishaji akitia saini mara mbili kinyume cha kanuni, hukatwa asilimia 5 ya dhamana, na waliomkabidhi sarafu zao hukatwa pamoja naye. Katika Cardano adhabu hiyo ya kukata haipo, na sarafu hubaki katika pochi ya mwenyewe. Mitandao haifanani.

Nne, muda wa kutoka. Cosmos Hub hukungojesha siku 21 tangu uombe kutoa sarafu zako. Mtoto akiugua usiku wa leo, siku 21 ni nyingi.

Tano, funguo. Maneno ya siri ya pochi, 12 au 24, hapewi mtu yeyote, wala hayaandikwi ndani ya mazungumzo na akili mnemba. Anayeyaomba, kwa jina lolote lile, ni mwizi.

Sita, chanzo cha jibu. Tuliitaka zana iseme takwimu zake ni za tarehe ipi, kisha tukazilinganisha na kumbukumbu za mtandao zilizo wazi kwa kila mtu. Akili mnemba huweza kukosea kwa ufasaha, na ufasaha si ushahidi.

Baada ya hayo, nilimwomba apige hesabu kwa shilingi. Tuseme ameweka sarafu za shilingi 1,000,000, akapata asilimia 7 kwa mwaka. Asilimia hiyo ni ya sarafu, na sehemu kubwa ya malipo hayo katika mitandao mingi hutokana na sarafu mpya zinazotengenezwa. Bei ikishuka kwa nusu, jambo ambalo limetokea si mara moja, atabaki na shilingi 535,000. Hakuna mthibitishaji, hata awe mwaminifu namna gani, anayeweza kuizuia hasara hiyo.

Kisheria nako tusidanganyane. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si kudhaminiwa. Majirani zetu wa Uganda wanaikumbuka Dunamiscoins, iliyofunga ofisi zake Desemba 2019 na kuwaacha wateja wakilia mlangoni.

Wanazuoni nao wamehitilafiana. Aliyekuwa Mufti wa Misri wakati huo, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa ya kuharamisha biashara ya Bitcoin mwanzoni mwa 2018. Baraza la ushauri wa Sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji Malaysia, mwaka 2020, liliruhusu kwa misingi biashara ya mali za kidijitali. Mimi ni katibu wa kamati, si mufti, wala sitahukumu baina yao. Lakini ipo tofauti isiyohitaji mufti. Kampuni ikichukua sarafu zako na kukuahidi nyongeza maalumu, hapo mlango wa riba uko wazi, na hatari ni kubwa. Celsius ya Marekani iliwaahidi watu faida, kisha Juni 2022 ikafunga mlango wa kutoa fedha.

Tulirudi kwenye mafungu ya wadogo zake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wameamrishwa kuwajaribu hadi waonekane kuwa na busara, ndipo wakabidhiwe mali zao mbele ya mashahidi. Ikiwa mali hiyo inahitaji mashahidi inaporudishwa, itawezaje kuhatarishwa usiku mmoja bila shahidi hata mmoja?

Kijana alimpigia mama yake, akaweka sauti ya juu nami nikisikia. Alimweleza yote kwa uaminifu. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Mwanangu, huyo mthibitishaji akipotea, nitakwenda kubisha hodi nyumba ipi?"

Zana haikuwa na jibu la swali hilo, wala sisi hatukuwa nalo.

Wiki iliyofuata alipanda basi kupitia Lusahunga hadi Biharamulo. Mafungu ya mama na wadogo zake yaliandikwa, yakashuhudiwa na wazee wawili, na mama akanunua mitamba. Fungu lake mwenyewe bado analo. Ameniambia anaendelea kusoma na kuuliza, na akiingia ataingia na kiasi ambacho kikipotea hakitamnyima mtu chakula.

Enyi wazazi, msiwafukuze vijana wanapokuja na mambo haya. Ketini nao, waulizeni fedha ni za nani, kisha pigeni hesabu pamoja. Wallahu a'lam.