Ndugu Yako Ameuawa: Madai ni ya Nani, na Adaiwe Nani?

Maneno ya mazungumzo ya redio kwa familia zilizokimbia vita na kwa viongozi wa teritori ya Djugu



Leo tunazungumza juu ya jambo zito. Mtu ameuawa. Waliobaki, yaani mke ama mume, watoto, baba na mama, wana haki gani? Tena haki hiyo wanaidai kwa nani?

Swali hili halikutoka mbali. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 701 waliouawa katika Djugu na Mahagi kati ya Desemba 2017 na Septemba 2019. Vifo havikuishia hapo. Tarehe 1 Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo. Tarehe 12 Juni 2023 wengine wasiopungua 46 waliuawa katika kambi ya Lala. Tena kuna waliokufa mashambani, njiani na kwenye machimbo ya dhahabu, wa kila kabila, ambao majina yao hayakusomwa redioni.

Sheria inasema nini?

Congo ina sheria ya zamani sana, ya tarehe 30 Julai 1888, juu ya madeni na mapatano kati ya watu. Kifungu chake cha 258 kinasema neno ambalo hata mtoto anaweza kulielewa: mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimika kuitengeneza. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba uzembe nao ni kosa. Kifungu cha 260 kinasema kwamba mtu hujibu pia kwa ajili ya wale anaowatuma kazi.

Tuchukue mfano rahisi. Dereva wa lori anakwenda mbio kwenye barabara ya Bunia na Mahagi, anamgonga mama anayetoka sokoni, mama anakufa. Dereva ana kosa. Tajiri aliyemtuma anadaiwa pamoja naye, kwa sababu dereva alikuwa katika kazi ya tajiri. Bima ya gari, ambayo sheria inailazimisha, iko kwa ajili ya siku kama hiyo. Watoto wa mama huyo wanaweza kudai fidia, hata kama dereva hakuwa na nia ya kuua.

Basi, ikiwa sheria inamdai aliyeua kwa uzembe, itamwachaje aliyeua kwa kusudi, kwa panga ama kwa bunduki? Vita haifuti deni hilo.

Nani anaweza kudai?

Hapa ndipo familia nyingi zinagombana, kwa hiyo tusikilize polepole. Mtu akifa, kuna mambo mawili yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni urithi, yaani vitu alivyoviacha marehemu: shamba, ng'ombe, nyumba. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu za urithi, wa kike sawasawa na wa kiume, wa ndani ya ndoa na wa nje ambao baba yao aliwatambua. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mke ama mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake.

La pili ni fidia ya kifo. Fidia haikuwa mali ya marehemu, kwa kuwa ilizaliwa na kifo chenyewe. Ni ya yule aliyepata pigo. Na pigo ni la namna mbili: kupoteza mkono uliokuwa unalisha na kulipa masomo na dawa, kisha uchungu wa moyo. Mjane ana pigo lake. Kila mtoto ana lake. Mama mzee aliyekuwa anatunzwa na marehemu ana lake. Kila mmoja anaweza kudai kwa jina lake mwenyewe, naye hakimu atapima pigo la kila mmoja.

Baba mdogo anayesema, "Fidia ya ndugu yangu inakuja kwangu, mimi ndiye mkubwa wa ukoo," amechanganya mambo hayo mawili. Anaweza kudai kwa ajili ya uchungu wake. Hawezi kupokea mahali pa mjane bila ruhusa ya mjane. Fedha za mtoto mdogo nazo zinashikwa na mlezi kwa faida ya mtoto. Tena, mama mjane si kitu cha kurithiwa. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006, kumlazimisha mtu kuolewa ni kosa la jinai, hata pale ambapo mila ilikuwa inamkabidhi kwa ndugu wa mume.

Wengine watauliza: na mama ambaye ndoa yake haikuandikwa kwa Serikali? Sheria inaitambua ndoa ya mila, lakini inataka iandikwe. Kama haikuandikwa, watafuteni waliokuwapo siku ya mahari, wa upande wa mume na wa upande wa mke, na mumwone avoka mapema.

Anadaiwa nani?

Hili ndilo neno kubwa la leo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kwamba kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna anayeweza kukamatwa ama kuhukumiwa kwa tendo la mwingine.

Kuna wanaosema dawa ya moto ni moto. Lakini tuangalie moto huo unamwunguza nani. Anayelipiza kisasi ni mara chache kumpata yule aliyemwua ndugu yake. Anamkuta mama wa kabila lile shambani, anamlipisha deni asilolijua. Kesho watoto wa mama huyo nao wana madai yao. Deni linazaa deni, na mwuaji wa kwanza amekaa kwake salama. Mahakama inauliza majina: nani alitoa amri, nani alipiga, nani alichoma nyumba?

Mtaniambia haya ni maneno ya vitabu. Basi tuangalie yaliyotukia kwetu Ituri.

Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, katika teritori ya Irumu, kilishambuliwa, na wengi waliouawa walikuwa Wahema. Mahakama ya kimataifa ya La Haye, ile tunayoiita CPI, ilimhukumu Germain Katanga mwaka 2014, kifungo cha miaka 12. Mwezi ule ule wa Februari 2003, huku kwetu Djugu, Walendu waliuawa Kobu. Majaji walihakikisha kwamba watu wasiopungua 49 waliuawa pale katika shamba la migomba. Bosco Ntaganda alihukumiwa mwaka 2019, kifungo cha miaka 30, kwa mambo ya Kobu na ya mahali pengine, kama Mongbwalu na Sayo.

Mjane wa Bogoro na mjane wa Kobu hawakuwa wa upande mmoja wa vita. Walakini wote wawili walihesabiwa kuwa wenye haki mbele ya mahakama moja, kwa sheria moja. Waliohukumiwa ni watu wenye majina yao. Hakuna kabila lililohukumiwa.

Tarehe 24 Machi 2017 majaji wa CPI waliamua fidia ya Bogoro. Watu 341 walikuwa wameomba, na 297 walikubaliwa. Kila mmoja wa hao alipewa dola 250 za heshima, pamoja na msaada wa pamoja wa nyumba, kazi za kuleta mapato, masomo na matunzo ya moyo. Deni la Katanga liliwekwa kuwa dola milioni 1. Kwa kuwa hakuwa na mali, mfuko wa wahanga wa mahakama hiyo ndio uliotafuta fedha. Kwa kesi ya Ntaganda, mwaka 2023 majaji waliweka dola milioni 31.3. Yeye naye alionekana hana mali ya kulipa.

Dola 250 hazimrudishi baba wa watoto, na hakuna hakimu aliyesema kwamba zinamrudisha. Lakini tuziangalie zile hesabu mbili, 341 na 297. Wale 44 waliobaki nje hawakuambiwa kwamba uchungu wao ni wa uongo. Ushahidi wao haukutosha.

Madai yapelekwe wapi?

CPI haiwezi kuchukua kesi ya kila kifo. Njia yetu ya kawaida iko Bunia. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na kesi za jinai zikapelekwa kwa mahakama za kijeshi. Kwa hiyo, kwa mauaji ya vita, mlango wa kwanza wa kuuliza ni ofisi ya mashtaka ya kijeshi, ile inayoitwa oditora. Kesi ikifunguliwa, familia inaweza kuingia ndani yake kama mdai wa fidia, yaani parti sivile. Faida yake ni kwamba hakimu yule yule anayemhukumu mwuaji anaamua pia fidia yenu.

Njia ya pili ni kufungua kesi ya madai peke yake mbele ya tribunali kubwa, kama kwa yule dereva wa lori. Kwa madai ya fidia sheria inatoa miaka 30. Lakini kwa jinai ya kawaida muda ni mfupi kuliko huo, basi msikawie. Uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu hauzeeki.

Kama aliyeua ni askari aliyekuwa kazini, Serikali inaweza kudaiwa pamoja naye. Mahakama za Congo zimekwisha kuihukumu Serikali hivyo. Lakini tusidanganyane: hukumu nyingi za namna hiyo hazikulipwa. Ndiyo sababu mojawapo sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 ilitungwa, na mfuko wa taifa unaoitwa FONAREV ukawekwa, kwa ajili ya fidia ya wahanga wa ubakaji wa vita na wa uhalifu mkubwa dhidi ya watu. Kwa mfuko huo pia, asiye na ushahidi atapata shida.

Na asiye na franka? Aombe cheti cha umaskini, ili asamehewe gharama za mahakama, na aulize ofisi ya maavoka wa Bunia juu ya mashauri ya bure. Mtu akikuambia, "Toa dola 20 nikuandike kwenye orodha ya CPI," usimpe kitu.

Andikeni sasa

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Madai yaliyo kichwani tu huzikwa pamoja na mwenye kichwa. Kwa hiyo nunueni daftari, na muandike haya:

1. Majina yote ya marehemu, umri wake, kazi yake, na watu aliokuwa anawalisha.
2. Siku, saa na mahali alipouawa.
3. Waliotenda, kama mliwaona kwa macho: majina, mavazi, lugha, aliyekuwa anatoa amri. Msiandike uvumi kama jambo mliloliona.
4. Majina ya mashahidi na mahali walipo leo.
5. Alipozikwa, na waliomzika.

Pamoja na hayo chungeni karatasi ya hospitali, picha, kadi ya uchaguzi ya marehemu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ombeni cheti cha kifo. Kama mwili haukupatikana, tribunali inaweza kutangaza kifo kwa hukumu. Makaburi ya watu wengi msiyachimbe wenyewe, maana mtaharibu ushahidi. Nakala ya pili ya daftari ikae mahali pengine, kwa sababu kambi nazo zinachomwa.

Je, haki inazuia amani?

Mwaka 2023 vikundi vyenye silaha vilikutana Aru na kuahidi kuacha vita. Mazungumzo ya namna hiyo ni ya lazima. Lakini baadhi ya watu wanawaambia wajane: "Sasa ni amani, msitaje tena wafu wenu." Neno hilo halimo katika sheria. Sheria ya msamaha ya Februari 2014 haikusamehe uhalifu wa kivita, na hata kwa makosa iliyoyasamehe iliacha wazi haki ya wahanga kudai fidia. Mjane anaweza kumsamehe aliyemwua mume wake, na moyo wake ukapumzika. Hakuna mwingine anayeweza kusamehe mahali pake.

Neno kwa viongozi

Bwana shefu, nawe kiongozi wa kambi, kesi ya mauaji haiko katika uwezo wa baraza lako. Kama familia zinapeana ng'ombe ama mbuzi ili kufariji na kukaa pamoja tena, hilo ni jema. Liandikwe kuwa ni faraja. Usimtie mjane kidole kwenye karatasi inayosema hana madai tena. Anayekuja kuomba ushuhuda wa kifo mpe bila malipo, andika ukweli tu, na mpe hata kama ni wa kabila lililowaumiza watu wako. Muhuri wako ukitumika kwa upande mmoja, watu wa upande wa pili watatafuta haki yao kwa panga.

Nanyi familia, jioni hii, kabla giza halijaingia, mkeni ama kijana anayejua kuandika achukue kalamu. Aanze na jina la marehemu.